Kuomba nafasi ya atachimenti kwa barua pepe: jinsi ya kutumia violezo vya Gmail

Mwanafunzi anayetafuta atachimenti, yaani nafasi ya kujifunza kazi ofisini au kiwandani, mjini Kisumu haandiki barua moja. Ataandikia serikali ya kaunti, kampuni ya maji, hospitali, viwanda vya sukari vya Chemelil na Muhoroni, kisha ajaribu Kakamega na Eldoret. Maneno ni yale yale, ila ofisi zinatofautiana. Wengi hunakili barua ya jana na kubadilisha juu juu, na ndivyo ofisi ya Kakamega inavyopokea barua inayosifu idara ya Kisumu. Barua ya namna hiyo humwambia msomaji kwamba hukumfikiria, na inaniuma nikiona kijana mwenye alama nzuri akikosa nafasi kwa hilo.

Gmail inaweza kukuhifadhia barua ya mfano, yaani kiolezo. Wengi hawakijui kwa sababu hakionekani mpaka ukiwashe.

Utahitaji kompyuta, kwani app ya Gmail ya simu haina violezo. Kama huna, nenda saiba au maktaba ya chuo, na ukimaliza hakikisha umetoka kwenye akaunti yako kabla ya kuinuka kitini.

Fungua Gmail, bonyeza alama ya gurudumu lenye meno juu upande wa kulia, kisha "See all settings". Chagua "Advanced", tafuta mstari wa "Templates" na utie alama kwenye "Enable". Sasa teremka hadi chini kabisa ubonyeze "Save Changes". Wengi hukwama hapa: huweka alama, hufunga ukurasa, halafu hushangaa mbona hakuna kilichobadilika.

Sasa fungua ujumbe mpya na uandike barua yenyewe. Weka yale yasiyobadilika tu, na kila panapobadilika pawe na neno la herufi kubwa ili jicho lisiliruke:

"Kwa CHEO NA OFISI. KUH: OMBI LA NAFASI YA ATACHIMENTI. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili, diploma ya uhandisi wa umeme. Naomba nafasi ya miezi mitatu katika IDARA kuanzia TAREHE. Ningependa kujifunza kwenu kwa sababu SABABU YA OFISI HII. Nimeambatisha barua ya utambulisho ya chuo, nakala ya kitambulisho na cheti cha bima."

Pale penye SABABU ndipo penye uzito. Usipajaze kwa maneno ya jumla. Taja kazi ambayo ofisi hiyo huifanya kweli, kama vile mitambo ya kusukuma maji au umeme wa kiwandani.

Kama una saini inayojiweka yenyewe chini ya ujumbe, ifute kwanza, la sivyo itajitokeza mara mbili baadaye. Kisha bonyeza nukta tatu chini ya dirisha la ujumbe, "Templates", "Save draft as template", halafu "Save as new template". Kipe jina utakalolitambua haraka: "Atachimenti kaunti", "Atachimenti viwanda".

Siku ya kutuma, fungua ujumbe mpya lakini usiandike anwani bado. Nukta tatu, "Templates", bonyeza jina la kiolezo, na barua itajiandika. Jaza kila neno la herufi kubwa, isipokuwa kichwa cha KUH, kisha uisome kwa sauti. Ambatisha hati zako upya kila mara, usitegemee kiolezo kizibebe, na kila faili iwe na jina lako badala ya "scan0012". Anwani iwe ya mwisho, maana ujumbe usio na anwani hauwezi kuponyoka hata ukigusa kitufe cha kutuma.

Ukirekebisha barua uliyoichomoa, kiolezo chenyewe hubaki kama kilivyokuwa. Ukitaka marekebisho yadumu, rudi "Save draft as template" na uchague jina la zamani chini ya "Overwrite Template".

Wanaotumia Thunderbird, programu ya barua pepe ya kwenye kompyuta, wana kazi nyepesi zaidi. Barua ikiwa imeandikwa, bonyeza "File", "Save As", "Template". Barua itakaa kwenye folda ya Templates, na ukiibonyeza mara mbili inafunguka kama ujumbe mpya.

Hifadhi na kiolezo cha pili, kifupi, cha kuulizia. Wiki mbili zikipita kimya, fungua barua uliyotuma, bonyeza kujibu, hakikisha anwani ni ya ofisi, kisha uchomeke kiolezo hicho. Afisa ataliona ombi la kwanza papo hapo chini yake, bila kulitafuta.