Kabla hujawasha vizuizi kwenye ruta ya nyumbani: mambo ya kuzingatia

Mzazi akishafungiwa faiba nyumbani, haichukui muda anauliza: nifanyeje tovuti za ngono na za kubeti zisifunguke humu ndani? Anastahili jibu zuri, na jibu zuri linaanza kabla ya kugusa kitufe chochote. Kizuizi kilichowekwa kwa pupa ni kibaya kuliko kutokuwa nacho, maana mzazi analala akiamini nyumba iko salama.

Anza kwa kuigeuza ruta na kupiga picha stika iliyo chini yake. Hapo pana anwani ya kuingilia kwenye mipangilio, mara nyingi 192.168.1.1 au 192.168.0.1, na nyingine 192.168.8.1 au 192.168.100.1, pamoja na jina la mtumiaji na nywila ya kiwandani. Nywila hiyo siyo ile ya Wi-Fi. Familia nyingi hubadilisha ya Wi-Fi tu, ile ya mipangilio ikabaki admin kwa admin, na mtoto yeyote anayejua kusoma stika anaweza kuingia na kuzima ulichoweka. Hatari ya nje nayo si hadithi. Mwaka 2016 kirusi kiitwacho Mirai kiliteka kamera za CCTV, DVR (mashine za kurekodi video) na ruta kwa kujaribu tu orodha ya nywila za kiwandani, kama 60 hivi. Tarehe 21 Oktoba mwaka huohuo vifaa hivyo vilitumika kuishambulia kampuni ya Dyn, iliyokuwa ikielekeza watu kwenye tovuti kubwa, hadi Twitter na Netflix zikawa hazifunguki kwa watu wengi. Kwa hiyo nywila ya mipangilio ndiyo ya kwanza kubadilishwa. Iandike kwenye daftari linalokaa kwako, si kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani.

Ukishaingia, angalia umepewa mamlaka kiasi gani. Watoa huduma wengine humwachia mteja akaunti finyu: unabadilisha jina la Wi-Fi, lakini sehemu ya DNS (mfumo unaotafuta anwani ya tovuti kwa jina lake) huioni. Ikiwa ni hivyo, wapigie kuuliza, au nunua ruta yako uiunganishe kwa waya nyuma ya ile yao. Ukichagua njia hii, zima Wi-Fi ya ruta yao, la sivyo watoto watabaki kwenye mtandao ule wa zamani na vizuizi vyako havitawagusa.

Kabla ya kubadilisha chochote, hifadhi nakala ya mipangilio ilivyo. Kama muunganisho wako unatumia PPPoE (ruta huingia kwa mtoa huduma kwa jina na nywila), hakikisha jina na nywila yake unavyo. Ruta ikirudishwa kwenye mipangilio ya kiwandani bila hivyo, utakaa bila intaneti hadi fundi aje. Kumbuka pia kwamba kale katundu ka kuriseti kanafuta kila kizuizi kwa ncha ya kalamu tu, kwa hiyo iweke ruta mahali ambapo si kila mkono unafika. Kazi yenyewe ifanye kwa kompyuta iliyochomekwa waya, muda ambao huduma kwa wateja wanapokea simu na hakuna mtu ndani aliye katikati ya mtihani au kikao.

Upande wa faiwali (ukuta unaochuja yanayoingia kutoka intaneti) hauna kazi kubwa. Ruta nyingi tayari hukataa maombi yanayotoka nje bila kuitwa. Hakikisha tu imewashwa, kuingia kwenye mipangilio kutoka nje ya nyumba kumezimwa, DMZ (sehemu inayoacha kifaa wazi kwa intaneti) iko tupu na WPS (kuunganisha Wi-Fi kwa kitufe au PIN) imezimwa, kwani udhaifu wa PIN yake unajulikana tangu 2011. Sasisha pia programu ya ndani ya ruta. UPnP nayo ni ya kuzima, kwa sababu inaruhusu kifaa chochote kujifungulia poti (mlango wa kupitia intaneti) bila kukuuliza, ila kwanza uliza nani ana kamera au mchezo wa mtandaoni unaoitegemea. Kama mtoa huduma wako anatoa IPv6 (aina mpya ya anwani za intaneti), angalia kama faiwali inailinda hiyo pia.

Penye mambo mengi ni kwenye kuzuia maudhui. Ruta nyingi zina sehemu ya kuandika tovuti za kuzuia, lakini tovuti nyingi siku hizi ni za HTTPS (mawasiliano yake husafiri yakiwa yamefichwa), na orodha hizo mara nyingi hazifanyi kazi kwazo. Njia nyepesi zaidi ni DNS. Simu ikitaka kufungua tovuti, kwanza huuliza seva ya DNS anwani yake. Seva ikikataa kujibu, ukurasa haufunguki. Kampuni ya Cloudflare wana seva za 1.1.1.3 na 1.0.0.3, zinazokataa programu hasidi na ngono. OpenDNS FamilyShield, huduma nyingine ya namna hiyo, ni 208.67.222.123 na 208.67.220.123. Kwenye sehemu ya DNS ya ruta, weka jozi nzima ya mtoa huduma mmoja. Ukiweka 1.1.1.3 halafu ya pili 8.8.8.8 (ya Google, isiyochuja ngono), umeacha mlango wazi, kwani vifaa vinaweza kuuliza yoyote kati ya hizo mbili. Na kama IPv6 ipo, jaza DNS yake pia.

Hapa wazazi wanaohofia mikeka ya kubeti wasikilize vizuri: 1.1.1.3 haizuii kubeti. Anayetaka kuchagua aina za tovuti anahitaji akaunti ya OpenDNS au huduma ya namna hiyo, na OpenDNS hukutambua kwa anwani yako ya IP ya nje. Ikiwa anwani ambayo ruta imepewa na mtoa huduma inaanzia 100.64 hadi 100.127, unashiriki anwani moja ya nje na wateja wengine, na njia hiyo haitakufaa. Afadhali ujue sasa kuliko baada ya kuhangaika jioni nzima.

Jua pia mipaka. Simu za Android kuanzia toleo la 9 zina DNS ya faragha, inayoweza kuikwepa ile ya ruta, na vivinjari navyo vinaweza kuficha maswali ya DNS ndani ya HTTPS. Unaweza kuzuia poti 53 na 853, zinazopitisha maswali ya DNS, kwenda seva nyingine, lakini HTTPS hutumia poti 443, na huwezi kuifunga bila kufunga intaneti yote. VPN za bure (programu zinazopitisha intaneti kwa njia iliyofichwa) hupita vilevile. Bando la simu, lenyewe halipiti kwenye ruta kabisa. Simu ya mtoto inahitaji Family Link (programu ya Google ya kusimamia simu ya mtoto) au kitu kama hicho ndani yake yenyewe.

Kama utapanga muda wa kuzima, tazama saa ya ruta kwanza. Ikiwa imebaki kwenye UTC (saa ya kimataifa, iliyo nyuma ya yetu kwa saa tatu) na wewe uko Dar au Nairobi, ukiandika 21:00 ukikusudia saa 3 usiku, itazima saa 6 usiku. Na usimtegemee mtoto kutambulika kwa anwani ya MAC ya simu (namba inayoitambulisha kwenye Wi-Fi), maana simu za sasa hutumia anwani ya kubuni na mwenyewe anaweza kuibadilisha. Wape watoto Wi-Fi yao ya pembeni yenye ratiba yake, na nywila ya Wi-Fi kuu ibaki kwa watu wazima.

Waambie wa nyumbani kabla, hata wadogo. Kijana anayesoma kuhusu balehe anaweza kukutana na kizuizi kisichomhusu, na ni lazima ajue anaweza kuja kwako akasema bila kuogopa.

Ukimaliza, zima na kuwasha Wi-Fi kwenye kila simu. Kama umetumia ile ya Cloudflare, fungua nudity.testcategory.com, ukurasa wa majaribio usio na picha chafu. Ukifunguka, kizuizi hakijashika kwenye kifaa hicho. Jaribu kwenye televisheni pia, na kwenye simu ya dada wa kazi, kwa sababu watoto huiazima.