Kununua betri mpya ya pikapu ya dizeli

Kabla hujatoa hela, pima chaji. Injini ikiwa inanguruma, mita isome kati ya volti 13.8 na 14.5 kwenye vichwa vya betri. Ikisoma chini ya 13, huenda mbovu ni oltaneta (kifaa kinachochaji betri injini ikizunguka) au mkanda wake uliolegea, na betri mpya nayo itakufa.

Kisha soma namba ya betri ya zamani. Hilux nyingi za dizeli hubeba saizi ya N70, ambayo pia huandikwa namba kama 95D31R. Hiyo 31 ni urefu kwa sentimita. R au L ya mwisho huonyesha upande wa vichwa. Hapa ndipo wengi hukosea: upande ukiwa sio, waya wa chanya haufiki, fundi anauvuta kwa nguvu, na siku moja unagusa bodi na kupiga shoti. Usikubali kuambiwa "itaingia tu".

Dizeli huhitaji nguvu kubwa kuwaka, kwa hiyo usishuke chini ya kipimo cha nguvu cha betri ya zamani. Dukani omba betri mpya ipimwe volti. Iliyojaa husoma volti 12.6 hivi, ikiwa chini ya 12.4, iache.

Unapofungua, anza na hasi. Unapofunga, hasi iwe ya mwisho. Kaza kishikio barabara, maana mtikisiko huvunja sahani za ndani.