Wageni wakija kwenye kwaya yenu, anzeni hivi

Nafundisha kwaya Magomeni. Wakija waimbaji kutoka Zambia au Afrika Kusini, sigawi karatasi kwanza. Naanza na tuni ya Enoch Sontonga, mtunzi wa Afrika Kusini, ya mwaka 1897, ambayo nchi zetu zote tatu zinaitumia kwenye wimbo wa taifa: sisi tunaimba "Mungu Ibariki Afrika", wao wanaimba maneno ya kwao, kila mtu kwa lugha yake. Nywele zinanisimama kila mara.

Kisha changanya viti, alto (sauti ya chini ya wanawake) mwenyeji kando ya alto mgeni.

Wimbo mpya ufundishe kwa do-re-mi, besi watangulie. Maneno ya kigeni yasemwe polepole bila tuni, mgeni mwenyewe akiongoza. Hapo usiwe na haraka, hata nusu saa ipite. Irabu zikipishana, sauti haziungani. Na zima feni, joto tutalivumilia.