Kuchora mjini Mombasa mkiwa kundi: pa kukaa, saa ya kwenda, na vile utamshika mtu anayetembea

Kama umewahi kutamani kukaa soko la Marikiti au Ndia Kuu, ile njia ya Mji wa Kale, na kitabu chako uchore lakini ukaona haya, unawaza watu watanitazama, wataniuliza mimi nani na nachora nini, basi dawa yake ni moja tu, nenda na wenzako. Mtu mmoja akisimama nusu saa akikodolea macho duka la mtu analeta wasiwasi na ana haki ya kuulizwa, lakini watu sita wamekaa na penseli mkononi kila mtu anaelewa hapo hapo kwamba hawa wachoraji, anachungulia, anasema mashallah, anaenda zake. Yaani kundi linakupa kitu ambacho mtu peke yake mjini hakipati kirahisi, muda wa kukaa pahali pamoja mpaka jicho lizoee. Karibu kila kitu nitakachosema hapa chini kinategemea huo muda.

Mambo haya yanafanyika miji mingi sana duniani. Gabriel Campanario, mwandishi na mchoraji wa gazeti kule Seattle, Marekani, alianzisha Urban Sketchers kwenye intaneti mwaka 2007 na sharti lao la kwanza ni kwamba unachora ukiwa pale pale, kile unachokiona kwa macho yako, sio kutoka kwa picha ya simu. Mimi sharti hilo nalishika sana, manake jua letu simu hailiwezi. Ukipiga picha ukuta wa chokaa saa tano mchana, upande wa jua unatoka mweupe wote na upande wa kivuli unatoka mweusi, lakini ukikaa pale ukautazama huo huo ukuta utaona kivuli kina bluu ya mbingu juu na chini kina wekundu kidogo unaopanda kutoka kwa vumbi la barabara. Hiyo rangi ndio Mombasa yenyewe na kwenye simu haipo.

Watu watano mpaka wanane ndio saizi nzuri. Mkizidi hapo mnaanza kuwa mkutano, na vichochoro vya Mji wa Kale vingine bodaboda na mkokoteni vikikutana kimoja lazima kirudi nyuma, sasa mkijipanga watu kumi na tano pale mmefunga njia ya watu kwenda kazini. Gawanyikeni wawili wawili, kila wawili waone wenzao walipo, na yule mgeni wa kuchora akae na aliyezoea, sio wageni wote pamoja. Alafu chagueni mtu mmoja wa kuongea. Watu watakuja kuuliza, wengine kwa uzuri wengine kwa ukali kidogo, na kama kila mmoja anasimamisha kazi kujibu hamtamaliza chochote, kwa hivo huyo mmoja mwenye mdomo mtamu achore kidogo na aongee sana, mara ijayo zamu ya mwingine.

Vifaa sitaki kurefusha. Kitabu cha A5, yaani nusu ya karatasi ya A4, chenye jalada gumu ndio utaweza kukishika kwa mkono mmoja ukisimama, karatasi iwe nzito kama utatia rangi za maji, gramu 200 kwa mita ya mraba kwenda juu, hizo nyepesi zinajikunja. Penseli laini, ya 2B na ya 4B, kalamu ya wino usiotoka na maji, kibati kidogo cha rangi, chupa ya maji ya kupiga brashi na nyingine ya kunywa na msizichanganye, kitambaa, kofia, vibanio viwili vya kushikilia kurasa kwa sababu upepo wa baharini hauombi ruhusa. Stuli ya kukunja ukiwa nayo sawa, usipokuwa nayo Mji wa Kale umejaa baraza za kukalia mbele ya nyumba.

Saa ya kwenda ni muhimu kuliko vifaa vyote hivyo. Kutaneni saa moja asubuhi, saa moja na robo mwisho, mkishachelewa mpaka saa tatu mnapigana na jua. Hapa tuko karibu na ikweta, mwezi wa tatu na mwezi wa kumi jua linapita karibu sawasawa na utosi, kwa hivo mchana vivuli vinajificha chini ya vitu na nyumba zote zinakaa bapa, hakuna cha kuchora. Asubuhi ama baada ya alasiri kivuli kinalala barabarani kirefu na kila roshani inachora kivuli chake yenyewe ukutani. Kanuni ya kukumbuka kwa Ndia Kuu na njia zinazofuatana nayo ni hii, asubuhi kaa upande wa mashariki wa njia, wewe uko kivulini na nyumba za mbele yako zimepigwa na jua, jioni hamia upande wa pili. Usiweke karatasi nyeupe juani kabisa, macho yanauma na rangi zote utazitia kali kupita kiasi bila kujua. Na Ijumaa mpange mapema, ikikaribia adhuhuri watu wanaelekea msikitini na baraza na njia zinajaa, wapisheni.

Sasa adabu, na hapa naomba mnisikilize vizuri. Baraza sio benchi ya serikali, ni ya nyumba, ina wenyewe. Kabla hujakaa piga hodi ama msalimie aliye karibu, "salaam aleikum, shikamoo mzee, tunaomba kukaa hapa kidogo tuchore huu mtaa," na mara nyingi jawabu ni karibuni, kaeni, na kabla ya dakika kumi mzee mwenyewe anakuonyesha ile nyumba ya pembeni ilikuwa ya nani na roshani yake iliondolewa lini, vitu ambavyo huwezi kuvipata pahali popote. Wanawake usiwachore sura bila kuwauliza, ukitaka mtu wa buibui anayepita, mchoro wako unatosheka na umbo lake na namna nguo inavyopepea. Msikiti wa Mandhry pale barabara ya Mbarak Hinawy, unaotajwa kuwa wa mwaka 1570, mnara wake unavutia sana na kila mtu atataka kuuchora, sawa, lakini kaeni mbali kidogo na mlango, hata huo mnara ukiwa mbali unaonekana vizuri zaidi. Watoto wakija wape karatasi na penseli nao wachore, watatulia, na michoro yao waachie waende nayo nyumbani.

Tukienda Marikiti, hapo ndio watu wengi wanakata tamaa. Unakaa ukingoni, unaona ndizi, magunia, tuktuk, hamali anapita na mkokoteni, mama anachagua nyanya, watu mia moja wote wanatembea, unaanza kumchora mmoja kichwa unafika mabegani ameshaondoka. Siri yake ni kwamba usianze na watu. Anza na vitu visivyotembea, mstari wa paa, nguzo, meza moja ya muuza matunda na mwavuli wake, hivyo vichore vikae, lakini acha nafasi nyeupe pale watu wanapopita. Alafu tulia utazame bila kuchora. Utagundua watu wa sokoni wanarudia rudia, huyu mama ameenda lakini baada ya dakika mbili mama mwingine atasimama pale pale, atainama vile vile, atainua nyanya aiminye kwa kidole gumba vile vile. Kwa hivo humchori mtu mmoja, unachora mkao, kichwa cha wa kwanza, mgongo wa wa pili, mkono na kikapu cha wa tatu, na ukimaliza ni mtu mzima kabisa na ni wa ukweli.

Hamali ndio mtazameni zaidi. Anayesukuma mkokoteni wenye mzigo mwili wake wote ni mstari mmoja wa mshazari, kuanzia kisigino cha mguu wa nyuma kupitia mgongoni mpaka utosini, mikono imenyooka mbele, kichwa kimeinama. Chora huo mshazari kwanza, kwa sekunde mbili, hata kama huna kingine chochote. Alafu mguu wa mbele uliokunjwa, alafu mstari wa mkokoteni, gurudumu, mzigo. Anayevuta mkokoteni mtupu mshazari wake ni mdogo, karibu amesimama wima, na ukiweka wote wawili kwenye ukurasa mmoja mtu atajua yupi ana mzigo hata kama hukuchora gunia hata moja. Sura, vidole, vifungo vya shati, viache.

Kitu kingine kinachoharibu michoro ya sokoni ni vichwa. Ukichora umesimama, na ardhi ni tambarare, watu wazima wote walio wima vichwa vyao viko karibu kwenye mstari mmoja na macho yako, awe mita tatu ama mita thelathini, kinachobadilika ni miguu, wa mbali miguu yake inaishia juu zaidi kwenye karatasi. Ukikaa kwenye stuli mstari wa macho unashuka, kwa hivo walio karibu vichwa vinapanda juu sana na wa mbali vinashuka kuufuata huo mstari. Piga huo mstari kwa penseli hafifu kabla ya kitu chochote na umati wako hautaonekana umepanda ngazi. Tuktuk nazo ziko kila pahali na hazisimami, lakini zinafanana, ukikosa nyuma ya hii subiri inayofuata, kumbuka tu gurudumu la mbele ni moja na paa limekaa kama limesukumwa nyuma kidogo.

Ndia Kuu kazi ni nyingine, pale tatizo ni wingi wa nakshi. Roshani moja tu ina vijiti na mbao za kutobolewa mamia, na anayeanza atachora kimoja kimoja mpaka mkono uanze kuuma. Usifanye hivo. Pima kwanza umbo kubwa, nyoosha mkono na penseli, funga jicho moja, upana wa roshani unaingia mara ngapi kwenye urefu wa nyumba, weka alama. Alafu chora ile mikono ya mbao inayoishikilia kutoka chini, hiyo ndio inaifanya ionekane imening'inia, na kivuli chake ukutani kitie chote kwa mpigo mmoja. Nakshi chagua kipande kimoja, labda pembe iliyo karibu nawe, kichore kwa uangalifu wote ulio nao, kwingine kote acha vistari vichache tu na jicho la mtazamaji litamalizia lenyewe. Milango ya kuchonga ni hivo hivo, miimo miwili, kizingiti cha juu, na ule mfaa, ubao wa katikati, ndio uti wa mgongo wake, ukikaa wima sawasawa mlango mzima umekaa. Nakshi ya juu ya kizingiti ndio ya kukaa nayo.

Rangi nazo chache zinatosha. Bluu ya altramarini ukichanganya na kahawia ya bant siena unapata kijivu cha vivuli vyote vya Mji wa Kale, ukizidisha bluu ni kivuli cha mbali, ukizidisha kahawia ni ukuta wa zamani ulioingia mvua. Ukuta mweupe uliopigwa na jua usiutie chochote, karatasi ndio chokaa yenyewe. Kuta za Fort Jesus, ambazo Wareno walianza kuzijenga 1593, zina rangi ya udongo inayoelekea waridi asubuhi, tia maji mengi, usiharakishe. Na Biashara Street kwenye leso zilizotundikwa usihangaike na maua ya kila leso, shika pindo la giza linalozunguka na mji wa katikati wenye rangi kali, lile jina lililoandikwa chini weka mstari wa nukta nukta tu.

Kuna pahali msiende na vitabu. Bandari ya Kilindini, kambi za jeshi, vituo vya polisi, na pale kivukoni Likoni penyewe, msijipange kuchora pale walinzi wako kazini na wana sababu zao. Meli na feri ukizitaka nendeni Mama Ngina, chini ya mibuyu, mnaona mkondo wote, na muhogo wa kukaanga na pilipili na ndimu uko hapo hapo.

Mkimaliza, saa nne hivi, tandazeni vitabu vyote pamoja kwenye baraza, vikiwa wazi, kabla mtu hajakimbilia chai. Kila mtu aseme kitu kimoja kwenye mchoro wa mwenzake ambacho yeye hakukiona akiwa pale, sio "mzuri sana", hiyo haimsaidii mtu, bali "ule waya wa stima mimi sikuuona kabisa." Mwenye baraza na majirani waiteni waangalie pia, wao ndio watawaambia kama dirisha limekosewa. Kama mmekaa kwa muuza kahawa nunueni kahawa, na kashata, msitumie kivuli chake asubuhi nzima bure. Andikeni tarehe na jina la mtaa nyuma ya kila ukurasa, manake nyumba zile zinabadilika, roshani zinaanguka, na mchoro usiokuwa na tarehe utakuwa hausemi ni lini ilikuwa hivo.

Mwezi wa nne na wa tano mvua za masika zinanyesha na wengi wanaacha, nyinyi msiache. Ingieni Marikiti ndani, kuna paa, kuna mwanga unaoingia kutoka pembeni, na kwa wauza viungo mna manjano, bizari na pilipili zilizorundikwa kwenye magunia. Rangi zitachelewa kukauka kwa ajili ya unyevu, kwa hivo fanya kurasa mbili kwa zamu, hii ikikauka unashika ile, na ubebe mfuko wa kufunika kitabu ukitoka.