Kuijenga Upya Injini ya Subaru EJ20: Nguvu Inayodumu kwa Petroli na Barabara Zetu

Injini ya EJ20 yenye turbo, yaani pampu ya hewa inayozungushwa na moshi wa ekzosi, imetufikia ndani ya Impreza, Forester na Legacy nyingi zilizotumika Japani, na mapenzi yetu kwayo hayakuanza juzi: Colin McRae alishinda Safari Rally ya mwaka 1997 kwa Impreza, na Richard Burns akaipa Subaru ushindi mwingine huko huko Kenya mwaka 2000. Ina silinda nne zilizolala, mbili kila upande, zenye kipenyo cha milimita 92 na mwendo wa pistoni wa milimita 75, na ujazo wake ni sentimita za ujazo 1,994. Ni injini imara ikijengwa vizuri, lakini haivumilii oili chafu, joto lililozidi wala petroli hafifu.

Wenye magari wengi huanza ujenzi kwa kuuliza watapata nguvu za farasi ngapi. Ningependa tuanze na maswali mengine: injini hii itapata oili gani, itapoozwa vipi, na itanyweshwa petroli ya oktani ngapi, yaani yenye uwezo gani wa kustahimili kulipuka yenyewe? EJ207, toleo la EJ20 la magari ya STI yenye nguvu zaidi, ilitoka kiwandani ikiwa na nguvu za farasi 280 kwa kipimo cha Kijapani. Kuifikisha 320 au 350 si jambo gumu. Jambo gumu ni kuifanya ipande kutoka Mombasa hadi Nairobi ikiwa imejaa abiria, mwaka baada ya mwaka, bila kunoki. Mwongozo huu unalenga injini ya namna hiyo.

Jua kwanza kilichoiua

Usifungue boliti hata moja kabla ya kujua injini imeharibikaje. Pima kompresheni ukiwa umetoa plagi zote, betri ikiwa imejaa na mlango wa hewa ukiwa wazi kabisa, kisha linganisha silinda zote nne. Baada ya hapo, ingiza hewa ya kompresa katika kila silinda, pistoni ikiwa juu na vali zimefungwa, na usikilize inakotokea. Ikisikika kwenye tundu la kujazia oili, ringi au pistoni ndizo zenye kasoro. Ikitokea kwenye ekzosi, ni vali. Maji ya rejeta yakitoa mapovu, mtuhumiwa wa kwanza ni gasketi ya hedi, yaani kichwa cha injini.

Kwa sehemu kubwa EJ20 zenye turbo hufa kwa njia mbili. Ya kwanza ni kuliwa kwa beringi za konrodi, vyuma vinavyounganisha pistoni na krankshafti, kwa sababu oili ilipungua, ilichakaa au haikufika. Ya pili ni kuvunjika kwa kuta nyembamba za pistoni zinazoshikilia ringi, na hili huletwa na mchanganyiko wa hewa na petroli kulipuka wenyewe bila mpangilio kabla haujamalizwa na moto wa plagi. Ukibadilisha vilivyovunjika bila kuondoa chanzo, utaijenga injini ile ile mara ya pili.

Kufungua kwa utaratibu

Mkanda wa taimingi una hatari yake katika injini hizi zenye kamshafti (shafti zinazofungua vali) mbili kila hedi. Kamshafti za upande wa kushoto husukumwa na springi za vali, hivyo mkanda ukitoka zinaweza kuruka ghafla, na mtu akizizungusha ovyo vali hugongana na kupinda. Zishike kwa kifaa chake maalumu au uziachie polepole kwa spana kuelekea upande usio na mzigo.

Bloku yenyewe ni nusu mbili zilizobana krankshafti katikati, na kwa sababu hiyo huwezi kuitenganisha kabla ya kutoa pini za pistoni. Mbele na nyuma ya bloku kuna matundu ya huduma yaliyozibwa. Yale ya mbele hufunguliwa kwa spana ya pembe sita ya milimita 14. Zungusha krankshafti hadi pistoni husika ifike mwisho wa chini na pini ionekane kupitia tundu, toa klipu ndogo ya duara kwa koleo lenye ncha ndefu, kisha ivute pini kwa kifaa chenye ndoano. Hapa haraka haina nafasi, kwani klipu ikidondoka ndani ya bloku lazima itafutwe hadi ionekane. Wakati wa kufunga, kazi hii hurudiwa kinyumenyume, na kila klipu mpya izungushwe kidogo kwa ncha ya bisibisi ili kuhakikisha imekaa ndani ya mfereji wake pande zote. Klipu iliyokaa nusu huchomoka na kuukwangua ukuta wa silinda toka juu hadi chini.

Vipande vya chuma vilivyojificha

Hili nitalikazia, kwa sababu ndilo linalorudisha gereji injini nyingi zilizojengwa juzi. Beringi ikiliwa, unga wa chuma husafiri na oili kila mahali: ndani ya turbo, kwenye kipozeo cha oili kilicho nyuma ya filta, kwenye mifereji ya hedi, na kwenye vali za kubadilisha taimingi ya kamshafti kama injini yako inazo. Bloku huoshwa, lakini kipozeo hurudishwa kama kilivyokuwa, na siku ya kuwasha kinatema unga ule ule juu ya beringi mpya. Kwangu mimi, kipozeo cha injini iliyokula beringi hutupwa, hakioshwi. Mabomba ya oili ya turbo yabadilishwe, na zile boliti zenye tundu zinazopitisha oili zikaguliwe, kwa kuwa baadhi yake zina kichujio kidogo cha wavu ambacho kikiziba huua turbo. Vizibo vya mifereji ya oili kwenye bloku vyote vifunguliwe, brashi ndefu ipitishwe, kisha maji ya moto na sabuni, hewa ya kompresa, na mara moja oili nyepesi ili kutu isianze.

Karakana ya kuchonga, na vipimo

EJ207 nyingi zina bloku iliyofungwa nusu sehemu ya juu, ilhali EJ205, toleo la turbo lenye nguvu ndogo zaidi, nyingi zina bloku iliyo wazi, ambayo silinda zake hutikisika zaidi shinikizo la turbo likipanda. Kwa EJ205 ningeishia karibu na farasi 300; anayetaka zaidi atafute bloku ya EJ207. Vyovyote itakavyokuwa, silinda zichongwe na kusuguliwa huku bamba nene la chuma limefungwa juu ya bloku kwa torki (nguvu ya kukaza) ile ile ya hedi, kwa sababu boliti za hedi zikikazwa huvuta kuta na kuziondoa katika uduara. Karakana isiyo na bamba hilo itakupa silinda zilizo duara mezani tu. Uliza kabla ya kukabidhi bloku.

Pistoni za kufua ni imara kuliko za kumimina, lakini hutanuka zaidi zikipata moto, hivyo huhitaji nafasi kubwa kati yake na ukuta. Fuata karatasi ya mtengenezaji wa pistoni, si kitabu cha kiwanda cha Subaru, kwani nafasi ya kiwandani ni kati ya milimita 0.01 na 0.03 tu na pistoni ya kufua itakwama humo. Nafasi ya ncha za ringi ya juu, kwa injini ya turbo ya barabarani, hukadiriwa kwa kuzidisha kipenyo cha silinda kwa 0.005, na kwa milimita 92 tunapata 0.46. Isukume ringi ndani ya silinda kwa pistoni ili ikae sawa, pima kwa geji ya vibamba, na upige tupa ncha moja tu, ukielekea ndani.

Krankshafti ipimwe kwa maikromita sehemu kadhaa za kila shingo, yaani pale beringi inapokaa. Shingo za konrodi huwa karibu milimita 52, na kanuni ya wajenzi ya kuweka nafasi ya oili ya sehemu moja ya elfu ya kipenyo inatupeleka kwenye milimita 0.05. Kiwanda huruhusu nafasi ndogo zaidi ya hiyo, lakini kwa injini ya turbo inayopandishwa nguvu katika joto letu napendelea 0.04 hadi 0.05 pamoja na oili ya 5W-40 au 10W-40. Subaru hutoa beringi nene zaidi kwa milimita 0.03, 0.05 na 0.25, hivyo shingo yenye mikwaruzo inaweza kuchongwa; hata hivyo, krankshafti iliyoimarishwa uso kiwandani hupoteza sehemu ya ugumu huo ikichongwa, na palipo na uwezo ni bora kununua nyingine.

Kufunga

Gundi ya kuunganisha nusu za bloku ipakwe uzi mwembamba, mbali na matundu ya oili. Inayozidi hubanwa kuelekea ndani, hukauka, kisha hukatika na kwenda kuziba kichujio cha sampu, bakuli la oili chini ya injini. Kila beringi ipakwe oili ya kufungia na kila boliti ifuate mpangilio wake. Boliti za hedi hukazwa, hulegezwa kabisa, kisha hukazwa tena kwa torki na kumaliziwa kwa nyuzi za pembe. Hatua hizo zichukuliwe kutoka kitabu cha mwaka wa injini yako na zisikatwe. Ukitumia stadi imara badala ya boliti za kiwandani, torki ni ya mtengenezaji wa stadi, na ni kwa kilainishi alichokitaja yeye. Gasketi iwe ya tabaka za chuma, juu ya nyuso zilizosawazishwa kwa mashine.

Pampu ya oili ina bamba nyuma lililoshikiliwa na skrubu ndogo, nazo zina tabia ya kulegea. Zitoe, zisafishe, zifunge kwa gundi ya nyuzi. Bomba la kufyonza oili ndani ya sampu nalo hupasuka kwenye maungio, na ufa mwembamba unatosha kuifanya pampu ivute hewa; liweke lililoimarishwa. Mkanda wa taimingi, tensheni, rola zake na pampu ya maji vinunuliwe vipya pamoja kwa muuzaji anayeaminika, kwani soko letu limejaa bandia na mkanda ukikatika vali zinapinda.

Petroli, mwinuko na kompyuta

Magari haya yalipangiwa petroli ya daraja la juu ya Japani, ambayo kwa kawaida ina oktani 98 hadi 100. Pampu zetu nyingi huuza ya chini ya hapo. Gari likiachwa na programu yake ya Japani, au likiongezewa shinikizo la turbo bila kurekebishwa, ule mlipuko usio na mpangilio hauko mbali. Kwa hiyo programu ya kompyuta ipangwe upya juu ya daino (mashine ya kupima nguvu za gari), kwa petroli utakayonunua kila wiki, kukiwa na sensa ya oksijeni ya masafa mapana na kifaa cha kusikiliza mlipuko huo. Mchanganyiko wa hewa na petroli chini ya shinikizo kamili uwe karibu 11 hadi 11.5 kwa 1, na farasi wachache waachwe mezani kwa kurudisha nyuma taimingi ya moto.

Mwinuko nao una hesabu yake. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ina shinikizo la takriban kilopaskali 82, dhidi ya 101 za Mombasa au Dar es Salaam. Turbo inayozidisha hewa mara 2 pwani italazimika kuizidisha karibu mara 2.46 ili kuifikisha injini ya Nairobi kiwango kile kile, ikizunguka kwa kasi zaidi na kutoa hewa yenye joto zaidi. Turbo ndogo ya kiwandani isilazimishwe kufanya hivyo. Vilevile gari lililopangwa Nairobi lirekodiwe tena likishuka pwani, ambako hewa ni nzito na ya moto, kabla mwenyewe hajalikanyaga.

Interkula, kipozeo cha hewa itokayo kwenye turbo, iwe safi. Filta ya hewa izibe vizuri pembeni, maana vumbi linalopita husaga ringi. Kitenganishi cha mvuke wa oili ni pesa iliyotumika vizuri, kwa kuwa oili inayorudi kwenye njia ya hewa hushusha oktani ya petroli inayoungua.

Kuwasha mara ya kwanza

Jaza filta na pampu oili kabla ya kuvifunga. Chomoa umeme wa koili na nozeli, zungusha injini kwa stata kwa vipindi vifupi hadi geji ya oili ipande, ndipo urudishe umeme. Maji yajazwe polepole kupitia tangi la juu, pua ya gari ikiwa imeinuliwa, hadi mapovu yaishe. Injini hii hupenda kuficha hewa. Modeli za turbo huwa na vifuniko viwili vya maji, cha tangi na cha rejeta, ambavyo havifanani, na kuvibadilishana kunavuruga upoozaji.

Oili ikiwa na joto la nyuzi 80, shinikizo lisipungue kilopaskali 98 injini ikizunguka bila kukanyagwa na 294 kwenye mizunguko 5,000. Katika safari za mwanzo beba mzigo wa wastani, badilisha mizunguko mara kwa mara, na uiache gari ikipungua mwendo yenyewe kwa gia ili ringi zikae. Mwaga oili hiyo ya kwanza baada ya kilomita 50 hivi, kata filta kwa kikatio chake maalumu, kunjua karatasi na uimulike kwa tochi. Chembe nyembamba za kijivu ni za kawaida. Vipande vinavyong'aa kama dhahabu au shaba vinataka sampu ifunguliwe siku hiyo hiyo. Oili ya pili imwagwe kwenye kilomita 500, ya tatu kwenye 1,500, na shinikizo kamili la turbo lisubiri hadi hapo. Kuanzia hapo oili ibadilishwe kila kilomita 5,000, na kijiti cha oili kivutwe kila unapojaza tangi la petroli.