Kupima umbali na milima ya njia ya baiskeli kwa ramani za mtandaoni: mfano wa Kirumba hadi Kisesa

Ukitoka ufukweni Mwanza kuelekea bara, utapanda tu. Kwa hiyo kujua kilomita peke yake hakumtoshi mwendesha baiskeli wa hapa, hasa mwenye Phoenix isiyo na gia na tenga la samaki kwenye keria. Anataka kujua mlima uko wapi, una urefu gani na ukali gani. Ramani za mtandaoni humjibu bure, mradi ajue namba ipi aiamini na ipi aitilie shaka. Tuchukue njia ya kutoka Mwaloni Kirumba hadi Kisesa.

Hatua ya 1: Chagua ramani inayofuata barabara

Google Maps ina kipimo cha umbali: kwenye simu unabonyeza mahali kwa muda, kisha unachagua "Pima umbali". Kwa haraka kinafaa, ila kinaunganisha nukta zako kwa mstari ulionyooka, na kila kona unayoiruka inapunguza kilomita. Mwinuko hakikuonyeshi.

Mimi nahimiza BRouter (brouter.de/brouter-web), tovuti ya kupanga njia. Huhitaji kujisajili, na inachora juu ya OpenStreetMap, ramani inayojazwa na watu wa kujitolea. Tumia kompyuta ukiweza. Kwenye simu kidole kinaziba njia unayoichora.

Hatua ya 2: Chora njia, kisha ikague

Chagua kwanza aina ya mwendo. "Trekking" inafaa baiskeli ya kawaida. Bofya alama ya kuchora, bofya Mwaloni, kisha Kisesa. Usishangae ukipelekwa kwenye barabara za vumbi za nyuma: programu inajaribu kukuepusha na magari. Ukitaka lami ya kwenda Musoma, ongeza nukta za kati pale Mabatini, Buzuruga na Igoma.

Sasa kuza ramani, washa picha ya satelaiti, ufuate mstari mwanzo hadi mwisho. Kazi hii inachosha lakini usiiruke. Njia ikikatiza uwanja wa mtu au ikipita mahali pasipo na barabara, sogeza nukta.

Hatua ya 3: Soma umbali

Uko chini ya ramani. Kama mstari umekaa barabarani, uamini.

Hatua ya 4: Anzia ziwani kukagua mwinuko

Sisi wa kanda hii tuna bahati ya kuwa na kipimo kikubwa mlangoni. Uso wa Ziwa Victoria uko takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na mabadiliko yake ya misimu ni madogo. Fungua grafu ya mwinuko, weka mshale mwanzoni, pale Mwaloni. Unapaswa kuona namba iliyozidi hapo kwa mita chache. Ukisoma 1,110 au 1,170, nukta yako imekaa vibaya au data ya eneo hilo ina kasoro, na usiendelee kabla ya kurekebisha.

Inafaa kujua namba hizi zimetoka wapi. Programu nyingi za bure zinategemea vipimo vya chombo cha anga cha Marekani, Endeavour, kilichopima sehemu kubwa ya nchi kavu ya dunia kwa rada mwezi Februari 2000, kwa siku 11. Kila namba inawakilisha mraba wa takriban mita 30 kwa 30. Baadhi ya programu hutumia wa mita 90. Na rada ilisoma kilichokuwa juu: paa, mwembe, jabali. Kwa mji wa mawe kama wetu hili ni jambo kubwa. Barabara inayopita chini ya jabali inaweza kupewa sehemu ya urefu wa jabali hilo, na grafu ikaonyesha mlima mkali ambao haupo.

Daraja la Kigongo–Busisi lina shida yake. Limefunguliwa 2025, wakati rada ya mwaka 2000 iliona maji tu. Programu inayotegemea data hiyo haiwezi kukuonyesha kupanda kwa daraja. Nyingine zenye ramani ya zamani bado zitakupandisha kivuko.

Hatua ya 5: Itilie shaka jumla ya kupanda

Tuseme barabara tambarare imesomwa hivi: 1,136, 1,139, 1,135, 1,140. Ukijumlisha kila kupanda, 3 na 5, unapata mita 8 za mlima ambao hakuna mguu utakaouhisi. Zidisha kosa hilo kwa njia nzima. BRouter huchuja mawimbi madogo kama haya, na kila programu ina kichujio chake, ndiyo maana mbili hutoa jumla tofauti kwa njia ileile. Ukilinganisha njia mbili, zipime zote kwa programu moja.

Hatua ya 6: Pima mlima mmoja mmoja

Hapa ndipo penye faida. Peleka mshale chini ya mlima, andika kilomita na mwinuko. Peleka kileleni, andika tena. Gawa tofauti ya mwinuko kwa umbali kati ya sehemu hizo mbili, vyote kwa mita, zidisha kwa 100. Mlima unaopanda mita 60 ndani ya mita 1,200 una asilimia 5.

Kwa baiskeli isiyo na gia yenye mzigo, asilimia 3 inaendesheka, 5 inakutoa jasho, na ikifika 8 panga kushuka na kusukuma. Usipime vipande vifupi kuliko mita 200, kwa sababu kosa la jabali moja litakudanganya.

Hatua ya 7: Pakua, kisha chora ya kurudi

Pakua faili la GPX, yaani faili linalohifadhi njia uliyochora, ulifungue kwenye programu ya ramani ya simu kama OsmAnd au Organic Maps ukiwa umeshapakua ramani ya Tanzania. Njiani hutahitaji bando. Kwenye jina la faili andika kama ni lami au vumbi, maana wakati wa masika njia ya vumbi ni habari nyingine.

Ya kurudi igeuze na uisome upya, kwa kuwa mteremko wa asubuhi ndio mlima wa jioni. Kutoka Kisesa grafu itakuonyesha ukishuka kuelekea ziwani, lakini haihesabu upepo: mchana huvuma kutoka ziwani na utakupiga usoni. Ongeza muda, au ondoka Kisesa mapema.