Jinsi ya kutengeneza usiku wako Tromsø mwezi wa Juni

Mama alipokuja kunitembelea Tromsø, kaskazini mwa Norway, alifika katikati ya Juni. Usiku wa kwanza nilimwekea mto na blanketi, nikamwambia alale. Saa nane usiku nikaamka kunywa maji, nikamkuta amekaa kitandani na dera lake, tasbihi mkononi, mwanga wa jua umejaa chumba kizima.

"Mama, hujalala?"

"Nasubiri liingie, mwanangu."

Nikamweleza kwamba haliingii leo wala kesho, na kwamba yeye ataondoka kabla halijaingia. Alinyamaza kitambo, kisha akauliza, "Sasa watu wa hapa wanajuaje kwamba siku imekwisha?"

Swali lake ndilo swali lenyewe. Nimekaa mji huu mwaka wa tisa, nafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee, zamu za mchana na za usiku, na kila Mei napigiwa simu na ndugu na marafiki wanaokuja kiangazi kwa mara ya kwanza. Wote wanauliza koti. Koti nitalieleza, lakini kabla ya koti ujue namna ya kutengeneza usiku, kwa sababu usipoutengeneza mwenyewe hautakuja.

Kwanza ulielewe jua la huku. Tromsø iko nyuzi 69 na nusu na ushei kaskazini mwa ikweta, kama kilomita 350 ndani ya mstari wa Aktiki, ule ambao ukiuvuka kwenda kaskazini unakuta jua lisilozama kiangazi. Dunia imeinama nyuzi 23 na kitu, na miezi hii upande wetu ndio ulioelekea jua, basi dunia inazunguka na sisi tunabaki mwangani. Kuanzia tarehe 20 Mei hivi hadi tarehe 22 Julai jua halizami. Halisimami pale pale, kama wengi wanavyodhani. Linatuzunguka. Kwa saa za kiangazi za hapa, saa saba kasorobo mchana liko kusini, juu kadiri linavyoweza, na hata hapo linafika kama nusu tu ya njia ya kwenda utosini. Saa moja kasorobo jioni liko magharibi. Saa saba kasorobo usiku liko kaskazini, chini kabisa: nyosha mkono, weka vidole viwili juu ya upeo wa bahari, hapo ndipo lilipo. Saa moja kasorobo asubuhi limeshafika mashariki na linapanda tena.

Yashike hayo, maana ndiyo yatakayokusaidia kuchagua chumba. Mtu aliyezoea kwetu anaogopa dirisha la mashariki, la jua la asubuhi. Huku dirisha baya la chumba cha kulala ni la kaskazini, kwa kuwa jua linaingia humo usiku wa manane, limelala, linapita chini ya kila kizuizi mpaka ukutani. Mwaka wangu wa kwanza nilipewa chumba cha kaskazini chenye pazia jeupe la kuviringisha. Nilikaa wiki tatu nikilala muda wa saa tatu au nne tu kwa siku, nikaanza kulia kazini bila sababu. Mzee mmoja niliyekuwa namhudumia, mvuvi wa zamani, ndiye aliyeniuliza, "Dirisha lako linatazama wapi?" Ukiwa na hiari, chukua chumba cha kusini. Ukiwa huna hiari, endelea kusoma.

Nenda duka la vitu vya nyumbani uulize blendingsgardin. Ni pazia zito lisilopitisha mwanga kabisa. Nunua pana kuliko dirisha, angalau kiganja kimoja kila upande, kwa sababu adui ni ule mstari mwembamba wa mwanga pembeni. Ukiwa mgeni wa siku chache, usinunue. Chukua mifuko myeusi ya takataka, ikate ifunguke, uibandike juu ya fremu kwa ile gundi ya karatasi ya wapaka rangi, ambayo haiharibu ukuta wa mwenye nyumba. Weka mifuko miwili, mmoja juu ya mwingine, mmoja hautoshi. Khanga usijaribu. Mama alijaribu mbili, tukalala ndani ya mwanga mwekundu wenye methali. Kitambaa cha macho kinafaa kwa ndege na kwa hoteli, lakini usiku ukigeuka kitandani kinateleza, na mwanga ukikupata saa tisa usiku mwili unaamini kumekucha.

Giza la chumbani peke yake halitoshi. Mwili unataka jioni. Kwetu jioni inajileta: joto linapungua, kunguru wanarudi mtini, adhana, taa za vibanda, harufu ya mihogo ya kukaanga. Huku hakuna hata kimoja. Saa nne usiku jirani yangu yuko juu ya ngazi anapaka nyumba rangi, watoto wanapanda baiskeli, mtu anakata majani. Usipoangalia utajikuta saa saba usiku unafua mapazia kwa furaha, na kesho yake huwezi kusimama.

Mimi jioni yangu naianzisha Tanga. Kiangazi tunatofautiana saa moja tu na nyumbani. Magharibi ya Juni kule inaingia saa kumi na mbili na dakika ishirini hivi, kwa hiyo hapa ni saa kumi na moja na dakika ishirini, na mimi nimeshatoka zamu ya mchana. Nampigia Mama, Ngamiani, anaiweka simu dirishani, nasikia msikiti wa mtaa wetu. Si kwa ajili ya kuswali, maana kila mahali pana saa zake. Ni kwa ajili ya mwili. Tangu hapo sinywi chai ya rangi wala kahawa. Saa mbili usiku nashusha pazia la sebuleni, nawasha taa ndogo ya manjano, napika chakula cha moto. Saa tatu na nusu naoga. Saa nne niko kwenye giza langu. Nawe tafuta alama yako, mradi iwe ile ile kila siku, na uifuate hata siku ambayo huna usingizi kabisa.

Asubuhi fanya kinyume: fungua kila kitu, toka nje dakika kumi kabla ya chai, hata kama mvua inanyesha. Watoto wanahitaji ratiba hii kuliko wewe. Usiwaambie "lala, ni usiku", kwa sababu wanaona kwa macho yao kwamba si usiku. Waambie ni saa ya kulala, kisha ushushe pazia kabla ya hadithi, si baada yake. Na ukifanya zamu za usiku, vaa miwani ya jua unaporudi nyumbani alfajiri, usiivue mpaka mlangoni.

Kuhusu swala, neno moja. Kwa kuwa jua halichwi, wapo wanaofuata saa za Makka na wapo wanaofuata za mji wenye usiku na mchana kamili. Usijipangie peke yako. Uliza msikitini siku ya kwanza, fuata wanachofuata wenzako, moyo utulie. Mwaka 2015 Ramadhani nzima iliangukia ndani ya jua hili, na watu walifunga na kufungua kwa utaratibu waliokubaliana.

Saa zetu za Kiswahili pia zitakusumbua kidogo. Sisi tunahesabu tangu kucha na tangu kuchwa, na huku hakuna kucha wala kuchwa. Nikimwambia mtu wa nyumbani "tukutane saa tano", anauliza ya mchana au ya usiku, na kutazama nje hakumsaidii. Kwa hiyo kila miadi taja mchana au usiku, na simu yako iweke kwenye saa 24. Nilimjua kijana aliyekosa ndege kwa sababu aliamka, akaona jua, akatazama saa ya ukutani yenye mishale, akadhani ni alasiri ya siku ile ile.

Sasa koti.

Jua la saa 24 lisikudanganye kwamba kuna joto. Jua la huku limelala, miale yake inafika imechoka, na bahari iko kila upande kwa kuwa mji wenyewe uko kisiwani. Mwezi wa Julai, ambao ndio wenye joto kuliko yote, wastani wake ni kama nyuzi 12. Siku ya kawaida mchana unapata 15, usiku 9 au 10. Juni iko chini ya hapo. Aliyewahi kulala Lushoto mwezi wa Julai anaijua baridi hiyo, ila aongeze upepo wa bahari. Nimewahi kuona mvua iliyochanganyika na theluji wiki ya kwanza ya Juni, na vilele vya milima vinabaki vyeupe wakati mibetula ya mjini imeshatoa majani. Halafu wiki inayofuata inaweza kupiga 25, watu wote wakavua mashati.

Kinachoamua ni upepo, kuliko tarehe. Ukitoka kaskazini au kaskazini magharibi unaleta baridi ya bahari kuu, mawingu ya chini na ukungu unaoingia kama moshi. Ukitoka kusini magharibi, tegemea mvua. Ukitoka kusini mashariki, juu ya nchi kavu ya Finland na Sweden, unashuka milimani mkavu na wenye joto; hiyo ndiyo siku ya kuomba ruhusa kazini. Fungua Yr, utabiri unaotumiwa na kila mtu Norway, usiishie kwenye picha ya jua au wingu. Tazama mshale wa upepo. Mimi nikiuona unatoka kusini mashariki naloweka nyama ya mishkaki usiku huo huo.

Mavazi basi: fulana ya sufu ya kuvaa mwilini, sweta, na juu koti jembamba lisilopitisha upepo wala maji. Kofia ya sufu mfukoni, ndiyo, hata Julai. Viatu vinavyovumilia tope. Na miwani ya jua ni ya lazima, kwa sababu jua la chini linakuja usawa wa macho, na ukiendesha gari kuelekea kaskazini saa sita usiku linakupofusha kabisa.

Wote wanaokuja wanataka kuliona jua la usiku wa manane. Wengi wanakaa bondeni mjini na kukuta mlima umelikinga. Vuka daraja la Tromsøbrua kwa miguu, panda gari la waya la Fjellheisen hadi Storsteinen, mita 421 juu ya bahari. Mwenye magoti mazima apande ngazi za mawe, zaidi ya 1,200, zilizojengwa na mafundi Washerpa kutoka Nepal. Fika saa sita kasoro, usishuke saa sita kamili kama wanavyofanya wageni, ngoja hadi saa saba kasorobo, ndipo jua linapogusa mahali pake pa chini na kuanza kupanda bila kuzama. Nilimpeleka Mama kwa gari la waya. Alisimama kimya, akavuta mtandio, akasema, "Subhanallah, linageuka." Tangu hapo hakunisumbua tena kuhusu giza. Kama kuna mawingu, usipande. Siku za mawingu ni nyingi, kwa hiyo jipe angalau usiku nne.

Asiyetaka milima ashuke Telegrafbukta, ufukwe ulio kusini ya kisiwa. Tarehe 23 Juni jioni, usiku wa Mtakatifu Yohana, watu wa pwani huwasha mioto ufukweni. Moto wako mwenyewe uwashe karibu na maji tu, mbali na miti. Kuanzia tarehe 15 Aprili hadi 15 Septemba sheria inakataza kuwasha moto msituni na kando yake. Maji yako kwenye nyuzi 10 hivi, ya kuchovya miguu. Samaki wa baharini unaruhusiwa kuvua kwa fimbo na ndoano bila kulipia kibali.

Mambo mawili ya kutahadhari. Kandokando ya barabara utaona mmea mrefu kuliko mtu, majani mapana, maua meupe kama mwavuli. Wenyewe wanauita tromsøpalme. Usiuguse. Utomvu wake ukipata ngozi na jua likaipiga, unababua kama mafuta ya moto. Mama alivunja bua akidhani ni dawa, akapata malengelenge mkononi. Ukiugusa, osha mara moja kwa maji na sabuni, funika ngozi hiyo isipate jua siku mbili. Na jua hapa linakaa siku mbili bila kupumzika.

La pili ni ndege, buabua wa Aktiki. Anataga chini, kwenye changarawe, na ukikaribia anakupiga kichwani kwa mdomo. Inua fimbo au mkono juu ya kichwa, kwa kuwa hushambulia kilicho juu zaidi, kisha ondoka taratibu ukitazama unapokanyaga, usije ukavunja mayai. Ndege huyu kila mwaka hupita pwani ya Afrika kwenda bahari za upande wa Ncha ya Kusini na kurudi, kwa hiyo anaona kiangazi mara mbili.

Baada ya tarehe 22 Julai jua linaanza kuchungulia chini ya upeo, dakika chache, kisha saa nzima, na giza linarudi mbio mbio. Mwisho wa Agosti utaona nyota. Hapo bandua mifuko dirishani, ikunje, uiweke pamoja na ile gundi juu ya kabati, utaihitaji tena Mei.